Jumamosi za Ikirezi

"Jumamosi usilete daftari. Nakutaka weye mwenyewe."

Gad aliusoma ujumbe huo mara mbili kwenye simu ya mkewe, Ikirezi, aliyekuwa jikoni akisonga ugali. Mtumaji alikuwa Anselme, mpiga piano wa hoteli moja Mbarara. Ikirezi ndiye aliyepiga kinanda kanisani kwao, kijijini Misiera, na tangu Pasaka alikuwa akienda nyumbani kwa Anselme, mtaa wa Nyamitanga mjini Mbarara, kujifunza muziki wa jazi, hasa zile solo ambazo mpigaji huzibuni papo hapo.

Gad hakumuuliza kitu. Shangazi yake, Mukamazimpaka, alishamwonya kwamba mwanamke hawezi kufuata muziki tu mjini kila wiki, naye akamtetea mkewe. Sasa usingizi ulimpaa. Hata maziwa aliyouza alikosea kuyapima siku mbili mfululizo.

Jumamosi alimwacha mkewe atangulie, akapanda gari lililofuata kutoka Rwekubo, kituo cha karibu na kwao. Mlango wa Anselme aliukuta wazi. Ikirezi alikuwa kwenye piano, mwalimu amesimama dirishani.

Ikirezi alipiga solo tamu sana, lakini Anselme akamkatiza. Alisema solo hiyo ni yake mwenyewe, aliyompigia wiki iliyopita, Ikirezi ameikariri noti kwa noti. Alitaka asikie ya Ikirezi, hata ikiwa na makosa.

Ikirezi akaanza, akakosea, akaacha. Akaanza tena. Mara ya nne vidole vikaondoka vyenyewe, vikikimbia, vikijikwaa, vikigeuka ghafla. Gad hakujua lolote kuhusu jazi, ila alisikia mtu asiyetulia, na mtu huyo alikuwa mke wake.

Ikirezi alipogeuka na kumwona, aliondoa mikono kwenye piano.

— Nilisoma ule ujumbe, Gad alisema. Kama ni ya piano tu, niambie, nirudi.

Anselme alitaka kusema. Ikirezi akamzuia kwa mkono.

— Ni ya piano. Lakini kuko na ingine. Wiki tatu zimepita aliniomba nikuache, nikae naye huku.

— Ulimujibu nini?

— Sikumujibu.

Hilo lilimuuma Gad kuliko hata kama angesikia ndiyo.

— Juu ya nini haukumujibu?

— Hapa mutu ananiuliza niko na nini ya kusema. Kwetu weye unaulizaka tu kama ng'ombe zimekamuliwa.

Gad akavuta kiti, akaketi.

— Basi leo nakuuliza. Uko na nini ya kusema?

Ikirezi aliwatazama wote wawili, kisha akamgeukia Anselme.

— Sitakaa hapa. Nilinyamaza juu nilifurahi kutakwa. Nilikosa. Munisamehe bote babili.

Anselme aliinamisha kichwa. Baadaye akauliza, kwa sauti ya chini, kama masomo nayo yamekwisha.

— Atakuya, Gad alijibu. Lakini tutakuya babili.

Walipanda gari la kurudi, likatoka mjini. Hapo Gad akamuuliza ile solo ya mwisho ilikuwa inasema nini.

Ikirezi akaanza kumweleza. Walifika Rwekubo hajamaliza. Wakashuka, wakaketi kwenye benchi la duka. Watu wa boda waliwaita, wakachoka, wakaondoka na abiria wengine, na Gad bado alikuwa anasikiliza.