Ngozi ya Hana

Raheli alikuwa akitwanga uwele nje ya tembe lao jipya, karibu na Msalato. Kila aliposhusha mchi alitega sikio. Ndani alilala mwanawe Kefa, ana homa. Homa yenyewe ilikuwa na hila. Ilimshika siku chache, ikamwachia hata akaomba uji, kisha ikamrudia.

Homa ya Hana, dada yake Kefa, ilianza vivyo hivyo. Masika yaliyopita ilimuua. Matonya, baba yao, akasema tembe la zamani lina nuksi, wakahama. Raheli alibeba mwenyewe ngozi za kulalia. Ile ya Hana hakuwa na moyo wa kuitupa, akamtandikia Kefa.

"Nuksi imetufuata," Matonya alisema. "Sasa tuhamie wapi, mke wangu? Mbinguni?"

Raheli aliendelea kutwanga. Alikuwa amechoka kutumaini.

Mchana ule walifika watu wawili. Mmoja alikuwa Bushiri, mkalimani kutoka mjini. Wa pili alikuwa kijana Mdachi, mwanafunzi aliyekuwa akitafiti ili apate cheo cha dokta kwao Ulaya. Mwaka uliopita alichimbua sakafu ya tembe lao la zamani, akatia papasi, wale kupe wa sakafuni, kwenye chupa, akaondoka nao. Watu walicheka kweli kweli. Mzungu mzima hana hata mbuzi, anafuga papasi!

"Hodi, Mama Hana," Bushiri aliita.

"Hana hayupo. Tulimzika."

Kijana akavua kofia. Akasema polepole, kwa Kiswahili cha kujifunza, "Nimekuja kuwaambia nilichogundua. Homa hii inaletwa na papasi. Wanauma usiku. Mchana wanajificha katika vumbi, katika nyufa, na katika ngozi za kulalia."

"Papasi wa nyumbani?" Matonya alishangaa. "Hao huwatesa wageni. Sisi wametuzoea!"

"Nyinyi wakubwa mmezoea. Watoto bado."

Raheli akaacha mchi, akaingia ndani. Alitoka na ngozi ya Hana, akaikung'uta juani. Papasi wakaanguka, wamevimba damu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Raheli alikuwa amekibeba kichwani hadi nyumba mpya.

"Ulijua lini?" akamuuliza kijana.

"Kabla ya masika."

"Kabla ya masika Hana alikuwa akicheza. Mbona hukusema?"

"Nilikuwa sijamaliza kuandika. Ilikuwa lazima walimu wangu wasome kwanza."

"Walimu wako walikuwa na homa?"

Kijana akainamisha kichwa.

Bushiri akaingilia kati. "Mama, huyu mmoja bado yupo. Chomeni ngozi hizi zote. Zibeni nyufa kwa udongo, mshindilie sakafu upya. Mtengenezeeni mtoto kitanda cha miti kilichoinuka, kisiguse ukuta. Asilale chini tena."

Matonya akachukua shoka, akaenda kukata miti. Kijana akakunja mikono ya shati, akakanda udongo mpaka viwikoni. Raheli hakumshukuru. Alichoma ngozi moja moja, na ya Hana ikawa ya mwisho. Ilipokuwa ikiungua alilia kwa sauti, maana hakuwa na kitu kingine cha mwanawe.

Homa ilimrudia Kefa mara moja tena, kisha ikamwachia kabisa. Masika yakaja, yakapita. Hakuugua mtu katika tembe lile. Lakini jioni Raheli alipopakua ugali, mkono wake bado ulitenga fungu la Hana.

Kiangazi Raheli alikwenda Nzuguni kumtembelea dada yake. Akamkuta yule kijana mlangoni, amepiga magoti, jembe mkononi, chupa zake zimepangwa kando.

"Umekwisha kuwaambia?" Raheli akauliza.

"Bado. Nitawaambia. Nilitaka kwanza nikusanye..."

Raheli akaketi palepale kijana alipotaka kuchimba, akazivuta zile chupa mapajani mwake.

"Waambie sasa," alisema. "Watoto wao wanalala chini."

Kijana akaweka jembe chini, akaanza kusema.