Zulia la Chumba cha Mama

Kila alasiri baada ya shule, Wakili alivua viatu mlangoni, akafua soksi zake, akadeki sebule, kisha akaanza kubishana na mtu. Asipopata wa kubishana naye, alibishana na redio. Wakili halikuwa jina lake la kuzaliwa. Mama yake ndiye aliyempachika jina hilo alipokuwa darasa la kwanza, siku alipomtetea msichana aliyekaa naye dawati moja mpaka mwalimu mwenyewe akaomba yaishe. Sasa alikuwa darasa la sita, na hata majirani hawakukumbuka jina lingine.

Mama yake alikuwa fundi wa magari. Wiki chache zilizopita aliteleza ukingoni mwa shimo la gereji, akatumbukia na kuvunjika mguu. Alilazwa hospitali, akawekewa vyuma, na sasa daktari alikuwa amesema angeruhusiwa kurudi nyumbani Jumamosi. Lakini angetembea kwa magongo kwa muda mrefu.

Baba alitaka kumfurahisha. "Chumba chetu kimechakaa," alisema. "Nataka akifungua mlango asahau habari za hospitali." Akamwita dada yake, ambaye kazi yake ilikuwa kupamba kumbi za sherehe.

Shangazi alikuja na utepe wa kupimia shingoni. Alipima kitanda, dirisha na sakafu ya vigae vyeupe, huku akitikisa kichwa.

"Rangi nyingi mno humu," alisema. "Pazia la kijani, shuka za buluu, kiti cha kahawia. Jicho likiingia halijui likae wapi. Tutaweka rangi ya maziwa kila mahali, na chini zulia jeupe la manyoya. Wifi yangu ataamka kama malkia."

"Mama hana shida ya kuwa malkia," Wakili akasema.

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna. Ndiyo maana nimesema."

Baba alimkata jicho, naye akanyamaza, lakini kwa muda tu.

Kwenye duka la mazulia, Shangazi alikwenda moja kwa moja kwenye zulia jeupe lenye manyoya marefu. Lilikuwa laini kweli. Baba aliingiza vidole ndani yake akatabasamu. Wakili yeye alilikunjua sakafuni, akavua viatu, akaweka mguu mmoja juu yake, akasukuma. Zulia likateleza hadi kwenye meza ya muuzaji.

"Binti, umevaa soksi," muuzaji alimwambia. "Mwenye soksi huteleza popote."

Wakili akavua soksi. Akasukuma tena. Zulia likateleza tena.

"Baba, mama atakuja na magongo," alisema kwa sauti ambayo wateja wengine waliisikia. "Gongo litazama kwenye haya manyoya, halafu zulia litakimbia. Na ni jeupe juu ya vigae vyeupe! Atajuaje linaishia wapi?"

"Wee mtoto!" Shangazi alisema. "Mimi nimepamba kumbi kabla hujajua kushika kijiko. Hakuna mtu aliyeanguka."

"Kwa sababu hawaji na miguu iliyovunjika."

"Inatosha!" Baba akasema. Zulia likafungwa, likapakiwa.

Ijumaa baada ya shule, Wakili alikuta chumba cha wazazi kimebadilika. Kuta, pazia, shuka na foronya, vyote vilikuwa rangi ya maziwa. Hakuweza kukataa kwamba kilipendeza. Zulia lilikuwa bado limeviringishwa mlangoni. Baba alipoinama alichukue, Wakili alikaa juu yake.

"Inuka," Baba alisema.

"Siinuki."

"Unasemaje?"

"Niadhibu, Baba. Ninyime ruhusa ya kutoka mwezi mzima. Lakini zulia hili halitandikwi kwenye njia ya mama ya kwenda bafuni." Alishika zulia kwa mikono yote miwili. "Akianguka tena, mtasema hamkuambiwa?"

Uso wa Baba ulibadilika. Haikuwa kawaida yake kupaza sauti, na sasa alikuwa karibu kuipaza. Shangazi akamwahi.

"Mwache. Wewe uliletewa magongo ya wifi kutoka hospitali jana, si ndiyo? Nipe. Huyu anataka ushahidi, nami nitampa ushahidi."

Wakili aliinuka kwa hiari yake. Zulia likatandikwa. Shangazi alikunja mguu mmoja, akaweka magongo kwapani, akaanza safari kutoka kitandani kuelekea bafuni. Hatua ya kwanza alitabasamu. Ya pili akamtazama Wakili kwa jicho la ushindi. Ya tatu, gongo likazama kwenye manyoya, zulia likachomoka, na Shangazi akaruka mzimamzima. Baba alimdaka kiunoni, wote wawili wakaangukia kitandani kwa kishindo.

Hakuna aliyecheka. Shangazi alilala pale akitazama dari, akihema. Wote watatu walikuwa wakiwaza kitu kimoja: ingekuwaje kama ni mama, na kama Baba yuko kazini?

"Haya," Shangazi alisema mwishowe. "Lirudisheni."

Walirudi dukani jioni ileile. Safari hii Wakili alitangulia, kifua mbele. Alichagua zulia jekundu lililofumwa kwa nyuzi fupi, zito, lenye raba chini, na pana kiasi cha kuingia chini ya kitanda ili ncha zake zisinyanyuke. Alilisukuma kwa mguu. Halikuteleza.

"Zulia umelipata, mwanangu, na ni zuri," Shangazi alisema. "Sasa mambo ya rangi niachie mimi. Nyekundu ni rangi kali, haitaki wenzake wengi. Tuiache..."

"Shangazi, si wewe uliyetaka kumvunja mama mguu wa pili?"

"Chunga mdomo!" Baba alifoka. Shangazi akageuka, akajifanya anaangalia mito.

Wakili aliona haya kidogo, lakini ushindi ulikuwa umempanda kichwani. Alitaka pazia jekundu. Alitaka shuka nyekundu, foronya nyekundu na mito miwili, nayo myekundu. "Mama anapenda nyekundu," alisisitiza. "Hata sanduku lake la vifaa ni jekundu." Baba, ambaye bado alikuwa na aibu ya zulia la kwanza, hakubisha. Akakubali kila kitu.

Jumamosi mama alirudi, amekonda kidogo, macho yakiwa makavu na makali kama kawaida yake. Aliingia chumbani kwa magongo, polepole. Wakili alilifuata gongo kwa macho. Gongo lilikanyaga ukingo wa zulia, likakanyaga katikati, likatulia. Mama alifika kitandani salama, akaketi. Ndipo alipoinua macho na kutazama pande zote.

"Hii ni kazi ya nani?" aliuliza.

Baba na Shangazi wakamtazama Wakili.

"Yangu," Wakili alijibu, kidevu juu.

"Zulia ni zuri sana. Limeshika chini kisawasawa. Lakini haya mengine..." Mama alijikuna shavu. "Nahisi kama nimekaa ndani ya taa ya breki."

"Lakini mama, sanduku lako la vifaa ni jekundu!"

"Ni jekundu ili nilione haraka likiwa chini ya gari. Sijawahi kulala ndani yake."

Machozi yalimlengalenga Wakili, naye akayazuia kwa ukali. "Shangazi alitaka zulia ambalo lingekuangusha! Nilikataa peke yangu! Nilikaa juu yake!"

"Nimesikia, baba yako amenieleza njiani. Na mimi je? Mimi nilitaka nini?"

Shangazi alianza kunyoosha foronya ambayo tayari ilikuwa imenyooka.

"Simu yangu ilikuwa kando ya kitanda siku zote," mama aliendelea. "Mguu ndio uliovunjika. Ulimi ni mzima."

"Tulitaka kukushtukiza," Baba alisema kwa sauti ndogo.

"Mmenishtukiza kweli."

Shangazi ndiye aliyecheka kwanza. Kisha Baba. Wakili hakucheka.

"Sasa nisikilizeni," mama alisema. "Chumba ni changu na mume wangu. Nataka shuka zangu za buluu, zile zilizochujuka. Na pazia jepesi, niuone mwanga nikilala hapa mchana kutwa. Wifi, wewe ndiye unayejua rangi. Itawezekana?"

Shangazi alipiga magoti kando ya zulia, akapitisha kidole pembeni. "Wifi, tazama. Kuna mstari mwembamba wa buluu hapa. Tukirudisha shuka zako, kitanda na zulia vitasalimiana. Pazia liwe lile jepesi la rangi ya maziwa nililoliweka kwanza. Nyekundu ibaki chini, na mto mmoja tu kwenye kiti. Ikizidi hapo inapiga kelele."

Wakili alifungua mdomo kupinga, kwa mazoea tu. Kisha akatazama mstari ule wa buluu, ambao hakuuona dukani. Akatazama dirisha. Alikiona chumba kizima kama Shangazi alivyokiona.

"Kitapendeza," alisema kwa shida, kama mtu anayeng'olewa jino. "Shangazi, nilikujibu vibaya dukani. Nisamehe."

"Ulinijibu vibaya," Shangazi alisema. "Na mimi nilikupuuza ulipokuwa unasema kweli. Nisamehe na wewe. Njoo ushike ncha ya shuka."

Walipomaliza, mama alilala juu ya shuka zake zilizochujuka, mguu umeinuliwa kwenye mto. Alimwita Wakili akae karibu naye.

"Ulipokaa juu ya lile zulia, uliogopa?"

"Sana."

"Lakini hukuinuka. Vizuri. Ukiona kitu kitamdhuru mtu, kisemee, hata mbele ya wakubwa. Usije ukaacha tabia hiyo. Lakini ulikuwa na haki kwenye zulia tu, mwanangu. Ukadhani umepata haki ya pazia, ya shuka, na ya kumdharau shangazi yako. Kila jambo lina anayelijua, na aliye mgonjwa naye huulizwa anataka nini. Nyote watatu mlinipenda, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza."

Wakili akauliza, "Na siku nikiona wewe ndiye unayekosea, mama?"

"Nibishie," mama alisema, akifumba macho. "Kisha unyamaze, usikie jibu langu."