Kumwiga Chande

Jumamosi ile soko la Ujiji lilikuwa limefurika. Akina mama wa mawese walikuwa wamepanga madumu yao hadi barabarani, na harufu ya migebuka ya ziwani iliyokaangwa ilimfuata kila mtu alikokwenda. Juu ya benchi, kijana mwenye shati jeupe na baraghashia ya kudarizi alikuwa akinadi vitenge.

"Eeeeeh, jamani!" alivuta, macho akiyafumba, kisha akajipiga paja. "Ukikivaa hiki, mumeo anaghairi safari ya Kalemi!"

Mwanvua alikuwa amesimama nyuma ya umati, dera lake la bluu likipepea, midomo ikimchezacheza bila sauti.

"Dada wa dera la bluu," kijana akasema kwenye kipaza sauti, "unaniombea dua au unaniroga?"

Watu wakageuka, wakacheka. Mwanvua alitamani ardhi ipasuke. "Nakuiga," akajibu, maana uongo wa haraka hakuwa nao.

Wateja walipopungua, kijana akashuka. Aliitwa Chande. "Haya, nieleze. Unaniiga ili iweje?"

"Nasoma masomo ya jioni, kaka yangu. Shule niliiacha darasa la tano, nikamuuguza marehemu mama. Sasa tunahitimu, na wamenichagua mimi nisome risala mbele ya watu. Nikisimama tu, magoti yanagongana. Mwalimu ametuambia kila mtu atafute msemaji anayempenda, amwige mpaka ulimi uzoee."

"Anayempenda?"

"Anayempenda kwa namna anavyosema! Usijipe makuu."

"Nimeshajipa. Leta namba."

Tangu siku hiyo, kila baada ya swala ya isha simu ya Mwanvua iliita.

"Haya, Mheshimiwa, anza."

"Ndugu mgeni rasmi walimu wetu wapendwa wazazi na..."

"Taratibu, mpenzi! Unakimbia kama umeiba. Pumua. Waache watu waitamani hotuba."

"Na wasipoitamani?"

"Basi watakutamani wewe, tutagombana."

"Chande, mwogope Mungu!"

"Namwogopa. Ndiyo maana mahafali yakiisha naleta posa kwenu."

Mwanvua alikata simu akicheka peke yake, kisha akarudi kwenye mswala wake na kushukuru. Alikuwa amemzoea Mungu kama mtu anavyomzoea jirani mwema. Alimweleza kila kitu, hata mambo ya kuonea haya.

Alasiri moja wanafunzi wenzake walikuja kumsikiliza akifanya mazoezi. Mwanvua akajifunga kanga kiunoni, akapanda kwenye kigoda. "Eeeeeh, jamani!" Akafumba macho, akajipiga paja. Alikuwa Chande mtupu. Wenzake wakagaragara mkekani kwa vicheko.

Alipofumbua macho, akamwona Chande mwenyewe langoni, kitenge cha zambarau mkononi.

"Karibu, mwalimu wangu!"

Chande alikiweka kitenge juu ya ukuta wa baraza, akageuka, akaondoka.

Mwanvua alimpigia simu jioni hiyo. Haikupokelewa. Akampigia kesho yake, na siku zilizofuata, kimya. Mwishowe Safina, mwanafunzi mwenzake ambaye meza yake sokoni ilikuwa jirani na ya Chande, alimvuta pembeni.

"Shoga, kumbe hujui? Chande ana kigugumizi tangu utotoni. Akitulia hukisikii, ila neno likitaka kumkwama ndipo anapovuta ile 'eeeh' na kupiga paja, apate kulivuka. Mimi mwenyewe ndiyo kwanza nimeambiwa leo na dada yake. Anadhani ulikuwa unamdhihaki, nasi tunakuchekea."

Jioni ile Mwanvua hakula. Alisujudu akakaa pale pale. "Ya Rabi, sikujua. Mlainishe moyo wake. Usimwondoe kwangu kwa kosa la ujinga wangu."

Asubuhi akamfuata sokoni, akamkuta akitundika vitenge.

"Assalaam alaikum, Chande."

"Waalaikum salaam," alijibu bila kugeuka.

"Nilidhani ni madoido. Wallahi, nilidhani ndiyo uhodari wenyewe. Nilikuwa najisemea, laiti na mimi ningekuwa na mvuto ule."

"Wa... walicheka."

"Walicheka kwa kufurahi, walikuona wewe mzima mzima. Lakini jambo hilo limekuumiza, basi nisamehe. Risala nitaisoma kivyangu, hata nikianguka."

Chande alikunja kitenge, akakikunjua, akakikunja tena. "Ma... madrasa walikuwa wananiita pikipiki mbovu."

Mwanvua hakucheka. Alisubiri.

"Na ile 'eeeh' wala si yangu," Chande akaendelea, sasa akimtazama. "Ni ya mnadi mmoja wa ng'ombe kule Ka... Kasulu. Nilimfuata minadani mwaka mzima, namwiga. Siku moja nikamuuliza siri yake. Akaniambia, mwanangu, mimi nina pumu."

Hapo Mwanvua alishindwa kujizuia. Alicheka hadi machozi, na Chande naye akacheka, baraghashia ikamwanguka.

"Ichukue hiyo 'eeeh'," Chande akasema. "Mimi nilimwiga mgonjwa, wewe umemwiga mgonjwa. Ikusaidie."

Siku ya mahafali Mwanvua alivaa gauni la kitenge cha zambarau. Alisimama mbele ya umati, magoti yakagongana, akaivuta "eeeh" ya Chande. Ilianza kama yake, lakini katikati ikawa nyembamba na ndefu, kama ile ya marehemu mama yake alipokuwa akimwita atoke ziwani. Ukumbi ukatulia. Akasoma mpaka mwisho.

Ijumaa iliyofuata Chande alifika na mshenga wake, Mzee Ashraf, mtu mwenye ulimi wa asali. Mwanvua na Safina walikuwa nyuma ya pazia. Mshenga alipokohoa ili aanze, Chande akamshika mkono.

"Niwie radhi, mzee wangu. Ni... niseme mwenyewe."

Akamgeukia baba yake Mwanvua. "Mzee Haruna, nimekuja kumposa M... M... M..."

Mikono aliiweka magotini, ikatulia. Wala hakuvuta "eeeh" yoyote. Mzee Ashraf akainama kumsaidia neno.

"Mwacheni!" sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Tuna muda."

Chumba kizima kikasubiri.

"M... Mwanvua," Chande akasema.

Mzee Haruna alilitazama pazia, akamtazama kijana. "Huyo huyo anayetuvunjia adabu mbele ya wageni?"

"Huyo huyo, baba," Chande akajibu, na hakuna herufi iliyomkwama.