Ganda la Ndimu Kwenye Horchata ya Posa

"Mama, simu yangu iko wapi?"

"Si umeilaza mwenyewe juu ya gunia la mahindi? Kamua hicho kitambaa, mwanangu, wageni wako njiani!"

Mikono ya Eréndira ilikuwa myeupe pe kwa maji ya mchele. Jamani, siku yenyewe ndo hiyo! Jumapili ya posa! Anselmo wake, waliyependana miaka minne sasa, anakuja na mama yake na kapu la mikate mitamu, na pale Uruapan, mji wao huko Mexico, hakuna asiyejua: kwenu wakilipokea kapu, wewe ni mke wa mtu, bado padri tu. Mchele ulilala majini na mdalasini tangu jana, keshausaga, sasa anachuja horchata. Kinywaji hicho Anselmo hukinywa kwa kina Eréndira kila Jumapili mpaka anageuza bilauri kutafuta tone la mwisho.

Simu ikalia. Ujumbe wa Anselmo!

"Mpenzi, horchata yako ya Alhamisi bado iko ulimini. Lile ganda la ndimu ndo limenimaliza kabisa. Leo tujikaze, tusitazamane sana."

Akatabasamu. Halafu tabasamu likamgandia usoni. Ndimu? Yeye hajawahi kutia ndimu kwenye horchata tangu azaliwe. Na Alhamisi Anselmo alikuwa Morelia kikazi, alimuaga mwenyewe!

Anataka kusoma tena, ujumbe umefutwa. Simu ikaita hapo hapo.

"Ere, roho yangu! Umeona meseji?"

"Meseji gani?"

"Aah, hamna. Utani wa jamaa wa kazini, ikapotea njia. Unafanya nini?"

"Nachuja horchata yako."

"Mke wangu huyo! Itakuwa tamu kama kawaida, eh?"

"Leo itazidi kawaida."

Akakata. Akachukua ndimu mbili, akazikwaruza ganda lote ndani ya jagi.

Mama yake, Bi Hortensia, akageuka kutoka jikoni alikokuwa anakoroga mchuzi.

"Ndimu kwenye horchata? Nani kakufundisha?"

"Anselmo ndo anavyoipenda, mama."

Bi Hortensia akalitazama jagi. Akarudi kukoroga mchuzi uliokwisha kuiva zamani.

Wageni wakaingia. Anselmo kanyoa, kanukia, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Mama yake, Bi Refugio, kapu mkononi. Nyuma yao Zulema, binamu yake Eréndira, ambaye walilelewa pamoja, wamelala kitanda kimoja utoto mzima. Ndiye angekuwa msimamizi wake wa harusi.

"Bibi harusi! Mbona umepauka hivyo? Cheka kidogo, unaolewa, huzikwi!"

"Kaa, dada. Kunywa kitu baridi."

Akawamiminia wote. Bi Refugio akakohoa kusafisha koo.

"Bi Hortensia, tumekuja kuomba binti. Mwanangu kasema bila Ere halali."

Anselmo akapiga funda moja. Akasimamisha bilauri hewani kama kameza mwiba. Macho yake yakatambaa sakafuni.

Zulema yeye akagugumia nusu nzima, akaangua kicheko.

"He! Ere, mwizi wewe! Hii si yangu hii? Ganda la ndimu natia mimi tu, hata mama yangu sijampa siri! Nani kakwamb..."

Akajiziba mdomo kwa kiganja. Lakini maneno yalishatoka.

"Malizia, dada," Eréndira akasema. "Nani kaniambia?"

"Ere..."

"Alhamisi ulimtengenezea nani?"

Anselmo akainuka. "Ere, mpenzi, haya si ya kuongea mbele ya wazazi."

"Hapa ndipo ulipokuja kuniomba, jibu hapa hapa. Alhamisi ulikuwa Morelia, au ulikuwa kwa Zulema?"

Kabla ya kujibu, Anselmo akamtazama Zulema. Basi. Jibu ndilo hilo.

"Mungu wangu," Bi Refugio akanong'ona. "Anselmo, umenivalisha nguo za sikukuu kuja kufanya hivi?"

Eréndira akalitoa kapu mapajani kwa Bi Refugio, taratibu, kwa adabu kabisa. Akavuka sebule. Akamwekea Zulema mikononi.

"Shika. Mikate yako hii. Ulishaanza kuila kabla haijaletwa."

Zulema akalia. Alilia kweli, mwenzangu, kamasi na machozi. Lakini kapu hakuliweka chini.

Walipoondoka, Bi Hortensia akabaki anaosha bilauri, kampa binti yake mgongo.

"Mama, ulijua."

Maji yakachuruzika.

"Mwezi uliopita nilimkuta Anselmo anatoka kwa Zulema. Nikaingia, nikapewa horchata. Ya ndimu." Akaisuuza bilauri. "Nikasema wanaume ndo walivyo, akishakuoa ataacha."

"Ungeniacha nipokee lile kapu?"

Bi Hortensia akaendelea kusugua bilauri ambayo ilishang'aa.

Eréndira akavuta jagi. Mchele ulikuwa umetuama chini, juu maji matupu. Akakoroga, akajimiminia kilichobaki, akanywa akiwa amesimama. Hapo ndipo machozi yakamtoka, maana alitaka iwe mbaya, aliomba iwe mbaya.

Ilikuwa tamu. Tamu kuliko yake.