Kona Isiyo na Jicho

Wazazi wenzangu, na nyinyi vijana mnaosikia mlio wa pikipiki mkaacha chakula mezani, nitegeeni sikio kidogo. Jambo hili lilitokea katika nyumba moja tu, lakini mlango wa nyumba hiyo hauna tofauti na wa kwenu.

Palikuwa na mama mmoja fundi wa kushona. Watu walimwita Mama Cherehani, maana hata msibani alikwenda na futi ya kupimia shingoni. Aliishi na binti yake wa pekee, ambaye mtaa mzima ulimwita Bendera.

Asubuhi za siku za mbio nyumba ile ilikuwa na utulivu wa kupendeza. Mama ameketi penye cherehani karibu na dirisha, anakaza mshono wa kizibao cha rangi ya chungwa. Binti yuko chumba cha pili, anaipiga pasi bendera ya njano kama nguo ya harusi. Katikati yao ni pazia tu. Mama akiwa anatunga uzi kwenye sindano huita bila kuinua kichwa, "Upo?" Na binti hujibu, "Nipo." Basi, yameisha. Hakuna aliyekuwa na haja na mwenzake. Ilikuwa raha tu ya kusikia kwamba mtu wako yupo.

Neno hilo walilitoa uwanjani, na ni lazima niwaeleze, maana wengi wetu tunakwenda kutazama mbio na hatujui nani anazilinda. Kila kona ya uwanja husimama watu wawili wa kujitolea, wenye vizibao vya rangi ya chungwa. Mmoja huitwa mkono, wa pili huitwa jicho. Mwendeshaji akianguka, mkono huruka ukuta wa matairi, akakimbilia njiani, akamwinamia na kumvuta pembeni. Jicho haendi popote. Kazi yake ni kupunga bendera na kutazama kule pikipiki zinakotokea, wala hageuki kumwangalia aliyeanguka, hata akisikia analia. Mkono, akiwa ameinama, huuliza, "Upo?" Jicho akijibu "Nipo," maana yake ni kwamba njia ameitazama na ni nyeupe, endelea na kazi. Asipojibu, mkono huacha kila kitu na kujiokoa.

Bendera alikuwa mkono. Jicho lake alikuwa Fundi Matairi, mziba pancha wa njia panda, mtu mzima mwenye utani. Alipenda kusema, "Mimi nina mke mmoja na barabara moja. Mke nikimwondolea macho atanuna tu. Barabara hainuni."

Mama Cherehani alikwenda kila mbio. Hakuwahi kumjua mshindi hata mara moja. Alisimama kwenye uzio karibu na kona ya mwanawe akamkodolea macho tangu mwanzo hadi mwisho, kana kwamba akipepesa mtoto atapotea. Fundi Matairi alimtania kwamba atamchakaza binti wa watu kwa kumtazama. Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na yule mama aliendelea kutazama.

Sasa tujiulize, watu hawa tuliwatunzaje? Jua liliwapiga hawana kivuli. Maji walikuja nayo kutoka kwao. Mbio zikisimamishwa kwa ajili ya ajali, sisi mashabiki ndio tuliowazomea na kuwarushia maganda ya machungwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Siku moja, mbio zilipokwisha, Fundi Matairi aliungua mkono kwenye ekzosi akisaidia kuinua pikipiki. Hakukuwa na hata bandeji uwanja mzima, akajifunga kwa bendera. Mwenyekiti wa uwanja alipomwona, alimwambia bendera ni mali ya uwanja na airudishe ikiwa safi.

Fundi Matairi hakugombana naye. Aliifua, akaianika, akaikunja vizuri na kuirudisha na kizibao chake juu yake. Konani hakuonekana tena.

Mwenyekiti akazunguka kutafuta mwingine. Kila aliyeombwa alikuwa na udhuru. Huyu mgongo, yule mgeni, mwingine shemeji yake mgonjwa. Watu hao hao siku ya mbio walikuwa juu ya miti tangu alfajiri, na migongo haikuwauma. Bendera alimwambia Mwenyekiti kwamba peke yake hasimami. Akajibiwa asiwe na wasiwasi, mwenzake atapatikana.

Akapatikana kweli. Asubuhi ile Mwenyekiti alimvisha kizibao kinyozi wa mtaani, mtu mcheshi anayependwa na kila mtu, ambaye alikuja zake kutazama mbio. Mafunzo aliyopewa yalikuwa simama hapa, shika hii. Mama Cherehani, akiwa uzioni, alikitambua kizibao. Ni yeye aliyekishona kwa mkono wake, kwa mtu yeyote atakayekuja.

Bendera alijaribu kumfundisha mwenzake upesi upesi, pikipiki zikiwa tayari zinanguruma. "Kaka, hata nikianguka mimi, usinitazame. Tazama kule zinakotokea."

"Mwenye macho haambiwi tazama, dada," kinyozi akamjibu, huku akijipiga picha na kizibao chake.

Watu wa uzioni walicheka. Mama Cherehani hakucheka. Alitaka kumwita mwanawe amwambie turudi nyumbani, lakini akaona haya mbele za watu. Haya ile inamla mpaka leo.

Mbio zilianza, zikaenda vizuri, mpaka pikipiki moja iliyokuwa ikivuja oili ilipofika kwenye kona ile. Ikateleza, ikamtupa mwenyewe katikati ya njia. Bendera akaruka ukuta wa matairi. Alifika, akainama, akamshika yule mwendeshaji mabegani na kuanza kumburuta. Mama yake alimsikia wazi akiita.

"Upo?"

"Nipo," kinyozi akajibu.

Hakudanganya, ndugu zangu. Alikuwepo. Alikuwa amesimama pale pale alipowekwa, na kizibao kinang'aa. Lakini uso wake alikuwa ameuelekeza kwa aliyeanguka, simu mkononi, anarekodi, na bendera ameibana kwapani. Njia alikuwa ameipa kisogo.

Mama Cherehani aliiona pikipiki ya pili ikitokea kabla ya mtu mwingine yeyote. Akapiga kelele. Nani angemsikia katika ngurumo ile? Bendera alipata nafasi ya kumsukuma yule mwendeshaji akabiringika hadi kwenye majani. Nafasi ya kujisukuma mwenyewe hakuipata.

Hakufa, tunamshukuru Mungu. Mguu wake madaktari waliukusanya na kuufunga kwa vyuma. Mwenyekiti alifika hospitalini, akasimama mlangoni akichezea funguo za gari lake, akasema kwa sauti ya huruma, "Alijitolea mwenyewe, mama. Hakuna aliyemlazimisha."

"Alijitolea kufanya kazi," Mama Cherehani akamwambia. "Hakujitolea kuachwa."

Binti alipotoka hospitalini hakukaa nyumbani. Uwanja ulikuwa karibu, na kila pikipiki iliponguruma alishika mguu na kuuma midomo. Akaomba kwenda kukaa kwa mjomba wake, mbali na barabara kubwa. Mama alimfungashia nguo zake na kumsindikiza. Aliporudi nyumbani, bendera ya njano ya akiba ilikuwa bado juu ya meza ya pasi, imekunjwa nusu.

Hapo ndipo yule mama alipojua nyumba inavyoweza kuwa kubwa. Alikuwa akishona, akafika mahali pa kutunga uzi, neno likamponyoka lenyewe, "Upo?" Pazia likatikisika kwa upepo. Akashona tena, akajisahau tena, akaita tena. Alipika chakula cha watu wawili akala cha mmoja. Alikata gauni kwa vipimo vya binti yake, vilivyokuwa kichwani mwake, kisha akakumbuka kwamba mgonjwa hukonda, na hajui tena kiuno chake. Alilitundika gauni likiwa halijapigwa pindo. Wakizungumza kwenye simu, binti aliuliza hali ya mama na kuaga. Siku moja mama alijikaza akauliza, "Upo, mwanangu?" Binti akasema, "Nakusikia, mama." Lile jibu la zamani hakulitoa. Hakuwa na hasira na mama yake. Neno lenyewe lilikuwa limemvunja.

Mbio nyingine zilipokaribia, Mwenyekiti alileta kitambaa cha rangi ya chungwa, ashonewe vizibao vipya, vingi. Mama Cherehani akakipokea, akakikunja, akakikalia. Alimweleza kwamba hashoni kizibao kwa mtu asiyemjua. Kila atakayevaa aje apimwe, na kabla ya kupimwa afundishwe. Kila kona iwe na ukuta wa matairi uliokamilika, kivuli na maji. Sanduku la dawa liwepo. Na pikipiki hata moja isiwashwe mpaka kila mkono uwe na jicho lake. Mwenyekiti akasema ataenda kwa fundi mwingine, akarudishiwa kitambaa chake. Akaenda. Lakini mafundi wa mtaa huazimana mkasi, na habari ilikuwa imeshatangulia. Kitambaa hakikupata wa kukishona.

Uwanja ukanyamaza. Vijana wakanung'unika kwamba mama mmoja mwenye sindano amewazimia starehe. Wengine walipita dirishani kwake wakiigiza mlio wa pikipiki kwa midomo. Naye aliendelea kushona. Alikuwa na jambo moja tu analolitaka duniani, na halikuwa mbio wala kuzimwa kwa mbio. Alitaka kusikia neno lile kwa sauti ile.

Wa kwanza kuja kupimwa alikuwa kinyozi. Alisimama mlangoni ameinamisha kichwa, yeye ambaye kazi yake ni kuinamisha vichwa vya wenzake. Alisema anataka kufundishwa, na kama mama anataka kumchoma na sindano kwanza, amchome. Mama alivua futi shingoni akampima. Baada yake alikuja Fundi Matairi, na wengine wakafuata, hata wale wa migongo mibovu. Mwenyekiti mwenyewe alileta matairi kwa gari lake.

Ikabaki nani wa kuwafundisha. Fundi Matairi alijua kutazama, lakini kuingia njiani hakuwahi. Ikabidi wampigie simu Bendera. Alikataa. Siku chache baadaye alipiga mwenyewe, akasema atakuja mara moja tu, afundishe, na jioni hiyo hiyo arudi kwa mjomba.

Alishuka garini moja kwa moja uwanjani, na fimbo mkononi. Mama Cherehani alitaka kumwona vizuri, lakini machozi yalimjaa akaona ukungu mtupu. Binti alimkumbatia, kisha akaanza kazi, maana jua lilikuwa linakwenda. Kinyozi akalala katikati ya njia, awe ndiye aliyeanguka. Bendera akauliza nani atakuwa jicho la mfano. Mama yake akajitokeza nyuma ya watu, ndani ya kizibao alichojishonea mwenyewe.

Bendera akamsogelea. "Utaweza kutonitazama, mama?"

"Nitajaribu."

"Konani hakuna kujaribu."

Mama akafuta macho kwa futi yake ya kupimia. "Basi sitakutazama."

Akapewa bendera, akageuza uso kule pikipiki zinakotokea. Njia ilikuwa tupu. Aliona lami, michirizi ya matairi ya zamani, na mfuko wa plastiki uliokuwa ukisukumwa na upepo. Nyuma yake alisikia fimbo ikigonga na mguu mmoja ukiburuza. Ni hatua ngeni, hakuwahi kuzisikia. Alikuwa na kiu ya kugeuka, aone mguu unakunjika vipi, aone kama shingo ya mwanawe imekonda. Miezi yote ile aliomba apate kumtazama, na sasa mtoto yuko nyuma yake na kazi ni kutomtazama. Shingo yake ikatetemeka kama uzi uliovutwa sana. Hakugeuka.

"Upo?" sauti ikaita.

"Nipo."

Fimbo ikagonga lami. Kisha ikaita tena, chini zaidi, si kwa ajili ya wanafunzi. "Mama, upo?"

"Nipo, mwanangu. Njia nyeupe. Fanya kazi yako."

Wakarudia na wengine, kila mmoja kwa zamu, mama akiwa bado jicho, mpaka gari la jioni likapiga honi, na Bendera akapanda kabla mama hajageuka. Majirani walipomuuliza Mama Cherehani binti ana hali gani, amevaa gauni la rangi gani, fundi yule, anayejua nguo ya mtu kwa mshono wake kutoka ng'ambo ya barabara, hakuweza kuwajibu. Alikwenda nyumbani, akalishusha lile gauni, akalipiga pindo kwa kukisia.

MAFUNZO

Ndugu zangu, wanaojitolea kutulinda si watu wasio na mama. Tukipenda mbio, tupende kwanza wanaosimama konani. Tuwape ukuta, maji na dawa, na tukiombwa kusimama nao, tusitafute maumivu ya mgongo. Wewe unayesimamia uwanja, usimvishe mtu kizibao ili kuziba pengo. Pengo lililovishwa nguo ni baya kuliko pengo linaloonekana, maana mwenzako atalitegemea.

Na wewe mzazi, ukiona hatari, usione haya kuita.

Wazee walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nasema huambiwa, tena huonyeshwa na upande wa kutazama. Siku ukiulizwa "Upo?", kabla hujajibu, geuza kwanza uso wako kwenye njia.