Mwenye Chumba cha Kuzalia

Shuka ya kitanda cha kuzalia ilikuwa imelowa tena, ilhali tangu zahanati ifunguliwe hakuna mwanamke aliyewahi kujifungulia pale.

Bishara, mkunga, aliikamua. Maji yalinuka nywele zilizoungua. Akaianika bila kumwambia mtu. Ilikuwa mwaka wa 1966, na askari walikuwa wamewakusanya wafugaji wa barabara ya Liboi ndani ya uzio wa miiba ili wasiwasaidie waasi. Wajawazito walikuja kupimwa, lakini uchungu ukiwaanza walijifungia vibandani mwao. Wawili walikuwa wamefariki mwezi ule. Bishara alipowauliza wenzao, walijibu tu, "Mle ndani kuna mtu."

Mchana wa Ijumaa, Sahara alimleta Ardo, mke wa mwanawe, akiwa na uchungu wa siku ya pili. Damu ilikuwa imeanza kumtoka. Walimlaza kitandani.

"Hooyo," Ardo alimwambia mama mkwe kwa sauti ndogo, "mwambie huyu mama asogee. Ananibana."

Hakukuwa na mtu mwingine kitandani.

"Turudi nyumbani, abaayo, dada yangu," Sahara alimnong'oneza mkunga.

"Ukimbeba sasa atakufia njiani. Kamwite Maalim Abdow."

Maalim alitoka msikitini moja kwa moja, akasimama nje ya pazia asimwone mzazi, akaanza kusoma. Kadiri alivyosoma ndivyo harufu ile ilivyozidi, na kitanda cha chuma kikaanza kutetemeka taratibu, na maji yakachuruzika kutoka kwenye godoro lililokuwa kavu, na Ardo, ambaye alikuwa amelegea hata kope hazifunguki, akageuza uso ukutani na kusema kwa sauti nzito ya mwanamke mzee, "Nimekaa hapa kabla ya kuta zenu. Nitoke niende wapi?"

Maalim akaanza kusoma upya. Bishara hakungoja. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimeonekana, na mikono ya mkunga ilikuwa imejaa damu.

"Nenda popote," alisema. "Mwache huyu tu."

"Mama, umesema nini?" Maalim aliuliza nje ya pazia, kwa hofu.

Mtoto alikuwa amelia.

Damu ilikatika. Ardo alilala, na shuka haikulowa tena. Habari zikaenea vibandani, na kabla mwezi haujaisha wanawake wanane walikuwa wamejifungua salama katika chumba kile.

Bishara aliwapokea wote. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mjane wa miaka tisa, na sasa alifunga nguo yake kwa kulegeza kiunoni. Hakumwambia Maalim wala Sahara. Alijua siku watakapojua, hakuna mwanamke atakayekuja tena. Kwa hiyo aliinama, akawashika mikono, akawaambia wasukume; na kila mmoja alipopiga ukelele, kilichokuwa tumboni mwa Bishara kiligeuka polepole, kikatulia, kikasikiliza.