Kilemba cha Bibi Mize

Harufu ya udi ilitangulia. Begi la Thuraya lilikuwa halijafunguliwa, uwanja ule wa Walthamstow, London, ulikuwa na majani na mavi ya mbwa tu, lakini Kishor, kijana mwenye kamera, alikunja pua akauliza nani kajipaka marashi ya vikongwe.

Wenzake wakacheka. Mungu anisamehe, maana dharau ni dhambi, ila kundi lile lilikuwa la kudharauliwa: vijana wa chuo, mchana kweupe, wamevaa mabawa ya maboksi na kushika mapanga ya plastiki, wamejigeuza watu wa katuni za Kijapani, wanalisubiri jua litoke mawinguni wapigwe picha.

Thuraya alikuwa malkia wa vita. Kilichompungukia ni kilemba chekundu, basi akakichukua sandukuni, chini ya kitanda cha mama yake. Kilikuwa cha bibi yake Mize wa Pemba. Kwa kweli kilikuwa cha jini aliyekuwa akimpanda bibi huyo. Katika ukoo ule, kikongwe akifa, binti yake hukifukiza kilemba akakipokea, au humwita mwalimu akamwondoa jini kwa kisomo. Bi Ruzuna, mama wa Thuraya, hakufanya hili wala lile. "Mambo ya kishamba hayo," alisema, akakimwagia dawa ya nondo.

Alikuwa na aibu nyingine, kubwa zaidi: binti mwenyewe. Kila harusi, wageni wakimwamkia kwa Kiswahili, Thuraya alijibu Kiingereza, na mama mtu akajificha nyuma ya sahani ya biriani.

Jua likatoka.

"Haraka, funga!" alisema Kishor.

Thuraya akajifunga kilemba. Vidole vyake vilikizungusha kwa namna ambayo hakufundishwa na mtu, na kadiri mwanga ulivyozidi ndivyo udi ulivyozidi, hata kunguru wakanyamaza, na Kishor alipotazama ndani ya kamera akaona macho yanayomtazama yeye, hayapepesi, kama ya mwenye nyumba anayemtazama mwizi.

"Thuraya?" alinong'ona.

"Nani kakupa ruhusa ya kunitazama, we mtoto wa duka?"

Ilikuwa sauti nzito, kwa Kiswahili cha Pemba. Baba yake Kishor aliwahi kuwa na duka Mombasa, kwa hiyo kijana alielewa kila neno. Akampigia simu Bi Ruzuna.

Walimrudisha Thuraya nyumbani, na Maalim Himid akaitwa. Akasoma. Vikombe vikagongana kabatini, dirisha likaingia ukungu kwa ndani, na binti akawa anayumba kwenye kochi, shingo imelegea, na udi ukiwakaba wote kooni ilhali hapakuwa na chetezo wala kaa la moto.

"Miaka yote mwaniweka na dawa ya nondo kama soksi," jini alisema. "Sasa nimepata kiti, mwili huu wa binti."

"Bi Ruzuna," alinong'ona Maalim, "wewe ndiye mrithi. Sema humtaki, atatoka. Sema sasa."

Jini akamgeukia mama, sauti ikawa laini. "Shikamoo, mama yangu. Harusi ya Jumamosi twende pamoja. Nitawaamkia wote, mmoja mmoja."



Kutoka ndani kabisa ya koo lile lile ikapenya sauti nyembamba ya Thuraya: "Mum, please."

"Maalim," alisema Bi Ruzuna, macho chini, "hatuwezi kungoja mpaka Jumapili?"

Maalim Himid alimtazama kama mtu anavyotazama kitu alichokikanyaga, akafunga msahafu wake.

Jumamosi, harusini, Bi Ruzuna alikaa meza ya mbele, binti akiwaamkia wageni mmoja mmoja. "Mashallah, Bi Ruzuna, mtoto kaiva!" walimwambia, naye akajaa kama andazi.

Jumapili Maalim alimpigia simu Bi Ruzuna. Ikapokewa kwa kinywa cha Thuraya, kwa Kiswahili kitamu, cha adabu.

"Mama kalala, Maalim. Sikusudii kumwamsha."